Cheti cha Kujitapeli

Mara ya kwanza niliisoma The Alchemist, tamthilia ya Mwingereza Ben Jonson, nikiwa mwaka wa pili chuoni, na sikucheka hata kidogo. Nakala yenyewe ilikuwa imechakaa, kila ukurasa una maelezo ya chini marefu kuliko maneno ya wahusika, na mimi nilikuwa natafuta tu cha kujibia mtihani. Niliandika kwamba Ben Jonson anakejeli uroho wa jamii yake, nikapata alama zangu, nikaisahau. Miaka kama kumi baadaye nikapigwa shilingi 400,000 na mtu aliyejua kuzungumza lugha nzuri sana ya dhahabu. Ndipo nikaikumbuka The Alchemist. Niliitafuta, nikaisoma upya usiku mmoja, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Habari ya pesa yangu nitaifikia. Tuanze na nyumba.

Ni London, mwaka 1610, mtaa wa Blackfriars. Tauni imepamba moto, na mwenye nyumba, bwana mmoja aitwaye Lovewit, amekimbilia shamba na kumwachia funguo mtumishi wake, Jeremy. Jeremy naye hakukaa bure. Ameingia ubia na tapeli mkongwe aitwaye Subtle, pamoja na mwanamke wa mjini aitwaye Dol Common, jina ambalo ukilileta kwetu linakuwa kama Doli wa Wote. Jeremy analeta nyumba na kunasa wateja mitaani. Subtle anavaa joho na kujifanya mwanaalkemia, yaani mtu wa kugeuza madini kuwa dhahabu, msoma nyota, mjuzi wa mizimu. Dol anakuwa yeyote anayehitajika saa hiyo: saa hii dada wa lodi aliyechanganyikiwa kwa kusoma sana, baadaye malkia wa majini. Kazini Jeremy haitwi Jeremy, anaitwa Face, yaani Sura, na jina halimpwayi, maana kila mlango ukigongwa anatoka na sura nyingine. Huyu ni kapteni wa jeshi, huyu ni kijana wa kupuliza moto wa maabara, na mwisho kabisa, bwana akirudi, ananyoa ndevu na kuwa mtumishi mwaminifu.

Wasiwasi wa kurudi kwa bwana upo tangu mwanzo, na Face anauondoa kwa hesabu nyepesi: maadamu bado anakufa hata mtu mmoja kwa wiki, huyo hawezi kuiwaza London, tena yuko bize na shamba lake la mimea ya kukolezea bia.

Tauni haikuwa pambo la hadithi. Majira ya joto ya mwaka huohuo majumba ya maigizo ya London yalifungwa kwa sababu yake, na rekodi ya kwanza tuliyonayo ya tamthilia hii kuonyeshwa inatoka Oxford, Septemba 1610. Kundi lililoicheza lilikuwa King's Men, kundi la Shakespeare, ingawa yeye mwenyewe hayumo katika orodha ya waigizaji wakuu ambayo Jonson aliichapisha mwaka 1616. Kundi hilo lilikuwa na ukumbi wake wa ndani palepale Blackfriars. Maana yake, mtazamaji wa Blackfriars alikuwa anatoa hela yake kuingia kwenye jengo la mtaa huo, kutazama watu wanaotoa hela zao kuingia kwenye jengo la mtaa huo na kudanganywa. Sidhani kama Jonson hakuliona hilo.

Pazia linafunguka kwenye ugomvi. Face anatisha, na maneno ya kwanza kabisa ya Subtle ni kumwambia afanye atakalo, yeye anamjambia. (Mwalimu wangu chuoni aliruka ukurasa huo.) Wanagombea nani amemfanya mwenzake kuwa mtu. Subtle anadai alimwokota Face kwenye ufagio na vumbi. Face anamjibu kwa kumkumbusha siku walipokutana Pie Corner, Subtle akiwa amesimama mbele ya vibanda vya wapishi, mlo wake ni mvuke unaotoka kwenye masufuria. Msomaji wa Kiswahili hapo lazima amkumbuke Abunuwasi na yule maskini aliyedaiwa fedha kwa kosa la kula chakula chake karibu na harufu ya nyama ya tajiri. Lakini Subtle hana Abunuwasi wa kumtetea. Ana Dol, anayempokonya Face upanga, anavunja chupa ya Subtle, na kuwakumbusha kwamba ubia wao ni wa watu watatu sawasawa, kila kitu cha wote. Wanapatana. Mlango unagongwa. Kazi inaanza, na yote yatakayofuata yanatokea siku hiyo moja, ndani ya nyumba hiyo au mbele ya mlango wake.

Wa kwanza ni Dapper, karani wa mwanasheria. Anataka jini dogo la kumsaidia kamari. Angalia wanavyomfanyia, maana ni ufundi: Subtle anakataa. Anasema jambo hili ni la hatari, sheria ni kali, hapana, rudisha pesa zako. Face ndiye anayembembeleza Subtle kwa niaba ya mteja, anakasirika kwa niaba ya mteja, mpaka mteja mwenyewe anaanza kuona huyu mzee ana roho ngumu na kapteni ni rafiki wa kweli. Kisha Subtle "anagundua" kwamba Dapper amezaliwa na nyota njema, na kwamba malkia wa majini ni shangazi yake. Anaambiwa afunge, avae shati safi, aseme "hum" mara tatu na "baz" mara tatu. Anaporudi anafungwa macho kwa kitambaa cha sketi, anafinywa na "majini", anaamriwa kutoa kila chenye thamani. Anatoa sarafu. Majini wanazidi kufinya. Hatimaye anakiri amebakiza kipande cha dhahabu mkononi alichopewa na mpenzi wake, na moyo wa madini ya risasi anaouvaa tangu mpenzi huyo alipomwacha. Nilipofika hapo, katikati ya kicheko, nilimwonea huruma kweli.

Halafu mlango unagongwa na mteja mkubwa zaidi, na Dapper inabidi afichwe. Wanamziba mdomo kwa kipande cha keki ya tangawizi na kumfungia chooni. Sisi tunasema mtu kaingizwa choo cha kike. Jonson, bila kujua msemo wetu, alimwingiza mtu chooni kwelikweli na akamsahau humo kwa kitendo kizima. Anatoka mwishoni keki imeshayeyuka mdomoni, bado anamsubiri shangazi.

Kuna Abel Drugger, muuza tumbaku, anayefungua duka jipya la pembeni ya barabara. Huyu hataki makuu. Anataka kujua mlango ukae upande gani na rafu upande gani ili biashara iende. Anashauriwa afukie sumaku chini ya kizingiti, imvute kila kijana wa kitajiri anayepita na chuma cha kuchochea farasi kisiginoni. Na bango la duka nalo litachorwa kwa siri ya jina lake: kengele, ambayo Kiingereza chake kinasikika ndani ya Abel; kisha mtu aitwaye Dee, amevaa joho la kitambaa kizito wanachokiita rug; na mbele yake mbwa anayenguruma "er". Dee, rug, er. Huyo Dee ni John Dee halisi, mnajimu maarufu wa malkia Elizabeth, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja au miwili tu kabla. Nimejaribu kulitafsiri bango hilo na nimeshindwa. Mwalimu Nyerere, aliyetutafsiria Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naamini hata yeye hapa angetua kalamu akanywa chai kwanza.

Lakini mteja aliyenirudisha kwenye kitabu hiki ni Sir Epicure Mammon. Huyu ameahidiwa jiwe la wanafalsafa, lile linalogeuza madini yoyote kuwa dhahabu, na leo ndiyo siku ya kukamilika. Ameleta nyumbani humo vyombo vyake vya shaba na chuma vigeuzwe. Hana hata chembe ya dhahabu, ila ameshaanza kuitumia. Atanunua risasi na bati yote ya Uingereza, majimbo ya Devon na Cornwall yawe migodi ya dhahabu. Makanisa yatabaki bila mabati, maana risasi iliyoezekwa juu ataichukua. Waumini si huvua kofia, basi na kanisa livue. Kitanda chake kitajazwa hewa, manyoya ni magumu mno. Atakula ndimi za samaki na nyayo za ngamia zilizochemshwa kwenye lulu iliyoyeyushwa, na yeye Mammon atamtupia mpishi wake dhahabu na kumwambia nenda kawe sir na wewe. Hata tauni ataifukuza nchini kwa miezi mitatu. Rafiki yake Surly, asiyeamini chochote, anamjibu kwamba basi waigizaji watamwimbia sifa bila hata kuandikiwa na washairi. Watu ambao majumba yao yalikuwa yamefungwa kwa tauni waliutamka mstari huo jukwaani. Natamani ningekuwepo nisikie kicheko chake.

Surly anaiona alkemia kama mchezo wa karata, na kuthibitisha anamwaga orodha ndefu ya maneno yao: chura, kunguru, joka, chui, kisha azoch, zernich, chibrit.

Nilisimama kwenye chibrit. Nikaisoma kwa sauti. Ni kiberiti. Neno la Kiarabu la salfa, kibrit, lilipita kwenye vitabu vya Kilatini likafika London kama siri ya wataalamu, na kwa njia ya bahari likafika kwetu likawa kitu cha kuwashia jiko. Na azoch ni zebaki. Mambo aliyokuwa analipia Sir Epicure Mammon kuyasikia, mimi nimekuwa nikiyatamka tangu utoto nikiagizwa dukani.

Zebaki naijua zaidi ya jina. Nimekulia upande wa Geita, na mtoto wa huko huiona kabla ya kuisoma shuleni: kichupa kidogo ambacho ukikishika mkono unashtuka, uzito haulingani na ukubwa. Mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, tulikuwa tunatazama wachenjuaji. Mchanga umeshasagwa kwenye karasha, umo kwenye karai na maji, mtu anadondosha zebaki na kukoroga kwa mkono mtupu. Anamwaga matope. Anakamua kinachobaki kwenye kitambaa, anapata kidonge cha kijivu kisicho na sura yoyote ya maana. Anakichoma kwenye moto. Moshi wa zebaki unaondoka, tena ni sumu na sisi tumesimama palepale, na kwenye kibati panabaki punje ya njano. Kwa macho ya mtoto wa miaka minane, mtu amechukua matope na maji ya fedha akapika dhahabu. Baba alinieleza kwamba dhahabu ilikuwamo mchangani tangu mwanzo. Nilimwitikia tu. Macho yangu yalikuwa yameona kingine.

Kwa hiyo simdharau Mammon. Na Subtle anajua kumjibu hata mbishi. Surly anamwambia kuiva kwa dhahabu kwenye tanuri ni kama hadithi ya mayai yanayoanguliwa kwa moto huko Misri. Subtle anamuuliza: hayo ya mayai unayaamini? Surly anasema, tuseme naamini. Basi, anasema Subtle, huo ndio muujiza mkubwa zaidi, maana yai limetofautiana na kifaranga kuliko risasi ilivyotofautiana na dhahabu. Mayai ya Misri yalikuwa kweli yakiangulika kwenye matanuri. Huo ndio ubaya wa tapeli mzuri, nusu ya anayosema ni sahihi.

Kuna pia watu wa dini kutoka Amsterdam, Tribulation Wholesome na Ananias, nao wanauziwa vyombo vya Mammon kama mali ya mayatima. Ananias anataka kwanza kuhakikishiwa kwamba wazazi wa hao mayatima walikuwa waumini wa dhehebu lao; kama hawakuwa, haoni haja ya kuwapa bei ya haki. Kisha linakuja suala la kutengeneza sarafu za kigeni kwa bati. Tribulation anasita, ni halali? Subtle anamtuliza: hatufui sarafu, tunasubu tu. Tribulation anafurahi, umetofautisha vizuri, kusubu kunaweza kuwa halali. Neno moja limebadilishwa na dhamiri imelala.

Jonson mwenyewe alijua neno linaweza kufanya nini. Alilelewa na baba wa kambo fundi matofali, na yeye alishika mwiko kabla ya kushika kalamu. Mwaka 1598 alimuua mwigizaji Gabriel Spencer katika pambano la panga, na kilichomwokoa kitanzini ni kujua Kilatini: sheria ya wakati huo ilimruhusu mtu anayeweza kusoma mstari wa Biblia kwa Kilatini kuhesabiwa kama kasisi. Akasoma, wakamchoma alama ya moto kwenye kidole gumba, wakamwacha. Mtu aliyepona kifo kwa kusoma sentensi, miaka kumi na mbili baadaye anaandika kuhusu watu wanaofilisiwa kwa kusomewa sentensi.

Mtu wangu mimi aliletwa na rafiki wa shemeji. Alikuwa mpole, nadhifu, mkononi daftari. Alisema kuna marudio kwenye mwalo wa zamani, mchanga ambao wenyewe wameutupa wakidhani umekwisha, lakini gredi yake bado inalipa; kinachokosekana ni hela kidogo ya sayanidi na kaboni za kuinasa dhahabu, kisha elusheni, yaani kuichomoa tena, wiki tatu tunagawana. Kila neno lilikuwa la kweli. Watu wanafanya kazi hiyo na wanapata. Alinionyesha karatasi ya vipimo. Nilipotoa simu nimtumie pesa, akanizuia. Akasema nisiwe na haraka, niende nikalale nilifikirie, yeye hapendi kumwingiza mtu kwenye jambo asilolielewa. Rafiki wa shemeji akamgeukia, karibu amkaripie: sasa kaka, mtu ana nia, unamkatisha tamaa kwa nini? Usiku huo nililala nikiogopa nisije nikaachwa. Asubuhi nilimpigia mimi.

Mammon naye kazi kubwa anajifanyia mwenyewe. Ameonywa kwamba jiwe hukamilika tu kwa mtu msafi wa moyo, na papo hapo wanampitisha Dol mbele yake, naye anaanza kumtongoza. Maabara inalipuka kwa kishindo, Subtle anazimia, na Mammon analia kwamba ni tamaa zake zimeharibu kila kitu. Hamlaumu mtu. Anakubali kutoa pauni mia kwenye sanduku la hospitali ya wendawazimu ya Bedlam kama toba. Anauliza kwa unyonge kama hakuna hata kidogo kilichosalia. Face anamwambia labda kwenye kukwangua vigae vya vyungu patapatikana dawa ya upele.

Kisha Lovewit anarudi, na hapo ndipo kitabu kilipoghadhabisha walimu wa maadili. Hakuna anayefungwa. Subtle na Dol wanaruka ukuta wa nyuma mikono mitupu. Face anamwombea bwana wake mke, mjane kijana mwenye mali, na bwana anasamehe yote. Surly, aliyejifanya Mhispania ili awafichue, alipata nafasi ya kukaa faraghani na mjane huyohuyo, akaitumia kumwambia ukweli. Mwisho anakuta ameolewa na mwingine, na anajilaumu kwamba amejitapeli mwenyewe kwa tabia hiyo ya kipumbavu ya uaminifu. Face anawageukia watazamaji, anawaahidi kwamba wakimwachia huru mali aliyoipata itatumika kuwakirimu, na kualika wageni wapya.

Ila ukurasa ninaourudia ni wa Mammon anapokuja na askari kudai vyombo vyake. Vimo humo ndani, anaviona. Lovewit hakatai. Anasema, vichukue, lakini lete kwanza cheti kwamba ulitapeliwa, au hati yoyote rasmi ya mahakama inayosema ulijitapeli mwenyewe. Mammon anafikiri kidogo. Afadhali nivikose, anasema.

Mimi nilifika kituoni Jumatatu asubuhi, wiki ya nne. Simu ya mtu wangu ilikuwa haipatikani tangu Alhamisi. Askari alikuwa kijana, mstaarabu, akanipa karatasi na kalamu yake, akasema andika maelezo tangu mwanzo, ulimjuaje, alikwambia nini, na wewe ulimjibu nini. Niliandika jina langu. Niliandika tarehe. Nikaandika: "Yeye alikataa kupokea pesa, mimi ndiye niliyempigia." Nikaisoma sentensi hiyo, nikaifikiria ikisomwa kwa sauti mbele ya watu na mtu mwenye miwani. Nikaikunja ile karatasi mara nne.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna namba ya simu nimeiacha nyumbani, naifuata. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita nirudishe kalamu.